Kurudi London: minara mmeshaipanda, sasa tazameni mapengo yaliyoachwa kati yake

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi nyingi kuhusu London huandikwa na watu wanaokwenda kwa mara ya kwanza, na orodha zao hufanana: Big Ben, London Eye, Tower Bridge, picha mbele ya kasri la mfalme, kisha duka la zawadi. Uzi huu nauelekeza kwa yule ambaye hayo yote ameshayapiga picha na sasa amepata nafasi ya kurudi, iwe kwa kazi au kwa kutembelea ndugu, akiwa na siku chache za kuzurura asizojua azitumie vipi. Hoja yangu ni moja tu. Mgeni anayerudi asihangaike tena kupanda minara, bali atazame ni wapi minara haipo, kwa maana katika jiji lile nafasi zilizoachwa wazi angani zimepangwa kwa makini zaidi kuliko majengo yenyewe, na nyingi kati yake zinalindwa na kanuni za mipango miji.

Kwanza niseme kwa ufupi yaliyobadilika, maana anayerudi huanza kwa kuyatafuta aliyoyaacha.

Nilipofika mara ya kwanza mwaka 2018, mnara wa saa wa bunge ulikuwa umefunikwa kwa mabomba na mbao za mafundi, na kengele yake kubwa ilikuwa imenyamazishwa tangu Agosti 2017, isipokuwa kwa siku chache maalumu kama mkesha wa mwaka mpya. Ukarabati ule ulikamilika mwaka 2022 kwa gharama ya takriban pauni milioni 80. Wageni wengi hupiga picha na kuondoka bila kugundua kwamba mishale ya saa, pamoja na namba zake, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kuwa nyeusi, sasa ni ya buluu iliyokolea. Wataalamu walichunguza tabaka za rangi moja baada ya nyingine hadi wakafika kwenye ile ya mwanzo kabisa, ya wakati saa ilipoanza kazi mwaka 1859, wakakuta kwamba ilikuwa buluu na kwamba weusi ulipakwa baadaye. Simameni karibu, upande wa daraja la Westminster, jua likiwa limelipiga jengo, mtaiona tofauti hiyo waziwazi.

Jengo la 30 St Mary Axe, ambalo wenyeji huliita Gherkin, limepatwa na jambo la ajabu zaidi, kwani lipo lakini halionekani. Lilifunguliwa mwaka 2004 likiwa na mita 180, na kwa miaka kumi hivi ndilo lililokuwa sura ya jiji kwenye kadi za posta. Ukilitafuta leo kutoka upande wa magharibi, limemezwa na majirani zake, hasa 22 Bishopsgate lenye mita 278, lililokamilika mwaka 2020 mahali ambapo kwa miaka kadhaa palibaki kisiki cha zege cha mradi mwingine uliokwama mwaka 2012. Anayetaka kuliona Gherkin kikamilifu itambidi aende hadi miguuni pake, na hapo napendekeza asimame upande wa Leadenhall Street, ambako kanisa dogo la mawe la St Andrew Undershaft limesimama mbele ya vioo vile. Kanisa hilo liliokoka moto mkubwa wa mwaka 1666 na mabomu ya Vita Kuu ya Pili, kisha likajeruhiwa na bomu la mwaka 1992, lile lililoharibu jengo la Baltic Exchange na hatimaye kuacha kiwanja ambacho Gherkin ilijengwa juu yake.

Battersea nako ni kwa kurudi. Kituo kile cha kufua umeme, chenye mabomba manne meupe ya moshi, kiliacha kazi mwaka 1983 na kikakaa gofu kwa miongo mitatu, huku mpango mmoja baada ya mwingine ukivunjika. Mwaka 2018 mtu alikitazama kwa nje tu, kama vile kutoka kwenye dirisha la treni au ng'ambo ya mto. Tangu Oktoba 2022 milango iko wazi, na ndani ya bomba moja la moshi kuna lifti ya vioo inayopanda hadi mita 109 na kuchomoza juu ya ukingo. Mabomba yenyewe ni mapya: yale ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu ndani ya zege, yakabomolewa na kujengwa upya kwa umbo lile lile. Msanifu aliyeshughulikia sura ya nje ya kituo hicho, Giles Gilbert Scott, ndiye pia aliyechora kibanda chekundu cha simu ambacho kila mgeni hupiga nacho picha.

Sasa nije kwenye mapengo.

Kanisa kuu la Mtakatifu Paulo lilijengwa na Christopher Wren baada ya moto wa 1666, likakamilika mwaka 1710, na kwa urefu wake wa mita 111 hakuna jengo la London lililolizidi hadi miaka ya 1960. Katika miaka ya 1930 jengo la simu lililoitwa Faraday lilijengwa kati ya kanisa na mto, likaziba sehemu ya mwonekano wa kuba, na ghadhabu iliyofuata ilizaa kanuni inayojulikana kama St Paul's Heights, ambayo mpaka leo inaweka ukomo wa kimo kwa majengo yanayolizunguka kanisa. Juu ya hiyo ikaja kanuni ya jiji zima, inayolinda mistari ya macho kutoka sehemu maalumu, kama vile kilima cha Parliament Hill, Primrose Hill, Alexandra Palace, Greenwich na Blackheath. Chukueni mfano wa uzi uliovutwa kutoka kwenye jicho la mtu aliyesimama kilimani hadi kwenye kuba: jengo lolote lililo chini ya uzi huo, hata likiwa kilomita kadhaa kutoka kanisani, haliruhusiwi kuugusa. Ndiyo maana ukitazama ramani utaona minara ya mabenki na bima imesongamana upande wa mashariki wa City, yaani kitovu cha kale cha biashara na fedha katikati ya London, kama watu waliokatazwa kuvuka mpaka, huku upande wa magharibi, kuelekea kanisani, majengo yakishuka ghafla.

Mstari wa mbali kuliko yote unaanzia King Henry's Mound, ndani ya bustani ya Richmond, zaidi ya kilomita 16 kutoka kanisani. Nilikwenda huko asubuhi ya siku ya kazi, nikapita kwenye bustani ya maua ya Pembroke Lodge, nikapanda kichuguu kidogo ambacho mtu asiyejua angedhani ni tuta la mchanga. Juu yake kuna darubini iliyofungwa chini, isiyotozwa fedha, ikielekezwa kwenye ua wa miti yenye majani ya miiba. Kwenye ua huo kumekatwa tundu, na nyuma ya tundu kuna njia iliyofyekwa katikati ya msitu mzima. Ukiinama na kuweka jicho, unaona matawi ya kijani pande zote mbili, na katikati kabisa, kubwa kuliko ulivyotarajia, kuba la kijivu na msalaba wake juu. Karibu yangu palikuwa na mzee mmoja na mbwa wake, akanisogelea na kuniambia bila kuulizwa, "Sogeza kidogo kushoto, kuna mnara nyuma yake ambao haukupaswa kuwapo."

Nilimwelewa. Mwaka 2016 watu waliokuwa wakitazama kutoka pale waligundua kwamba jengo la ghorofa 42 lililokuwa likijengwa Stratford, kilomita kadhaa nyuma ya kanisa, limejitokeza nyuma ya kuba na kuharibu mchoro wake. Kanuni ilikuwa imelinda mbele na pande za kanisa, na eneo la nyuma ya karibu, lakini si umbali ule. Kwangu mimi, mnara ule unaosumbua umeifanya safari ya Richmond iwe na thamani zaidi, kwa sababu pengo likivunjwa ndipo unapoona lilikuwa likifanya kazi gani.

Mfano wa pili uko mjini kabisa. Pandeni basi namba 15 kutoka karibu na Trafalgar Square, mkae mbele ghorofa ya juu, na mnapoingia Fleet Street tazameni mbele. Kuba litaonekana, na pembeni yake mtaona Leadenhall Building, mnara wa mita 225 uliokamilika mwaka 2014, ambao upande wake mmoja umekatwa mshazari kutoka chini hadi juu, kana kwamba umeegemea kulikwepa kanisa. Ndivyo ulivyo hasa: wasanifu waliulaza mshazari ili kutoka Fleet Street usilibane kuba. Kwa hiyo umbo ambalo wageni hulicheka na kulifananisha na kikwaruzio cha jibini limetokana na kanuni ya mwonekano, na sehemu ya kiwanja kile imeachwa iwe hewa.

Mfano wa tatu ni bomba la moshi la Tate Modern, jumba la sanaa lililo ng'ambo ya mto. Jengo lile lilikuwa kituo cha umeme, la Giles Gilbert Scott huyo huyo, na bomba lake lina mita 99 kwa sababu lilitakiwa lisilizidi kuba lililo mbele yake. Kati ya hayo mawili kuna Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye kwa sababu lilikuwa likiyumba chini ya miguu ya watu, likafunguliwa tena mwaka 2002 baada ya kufungiwa vifaa vya kunyonya mtikisiko. Siku hizi limetulia.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji:
Mkuu, uzi mzuri, lakini naona umewadharau wapanda minara. Nimepanda The Shard na sikujuta. Ni jengo refu kuliko yote Uingereza, na mtu aliyetoka mbali ana haki ya kuliona jiji zima chini ya miguu yake badala ya kwenda kuchungulia kwenye tundu la ua. Isitoshe, hizi kanuni za kulinda kuba la kanisa nazitilia shaka, kwani jiji linalokosa nyumba za bei nafuu halipaswi kuwazuia watu kujenga kwenda juu kwa ajili ya starehe ya macho ya wachache walioko kilimani.

Mleta uzi:
Mkuu, sikukataza kupanda. Nimesema usipande tena. The Shard, lenye mita 310 na lililofunguliwa kwa watazamaji mwaka 2013, ni zuri kwa mara ya kwanza, ingawa lina kasoro isiyotajwa kwenye matangazo: ukiwa ndani yake, mandhari inakosa jengo moja kubwa, nalo ni hilo hilo ulilomo. Zaidi ya hapo, hakuna ulazima wa kulipa kiingilio ili kufika juu, kwani tangu mwaka 2023 ghorofa ya 58 ya 22 Bishopsgate na ghorofa ya 50 ya 8 Bishopsgate zote zina sehemu za kutazamia bila malipo. Ni sharti uweke nafasi mapema mtandaoni, maana tiketi hutolewa kwa mafungu na huisha haraka. Ukikosa, ipo bustani ya juu ya paa kwenye Fenchurch Street namba 120, ambayo haihitaji kuweka nafasi; iko ghorofa ya 15 tu, na kwa ladha yangu ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu unakuwa katikati ya minara, unaitazama usoni, badala ya kuwa juu ukitazama mapaa na mitambo ya viyoyozi.

Kuhusu nyumba, hoja yako ina uzito kwa jiji kwa ujumla, lakini haiwagusi City. Minara inayosongamana pale ni ya ofisi karibu yote, na wakazi wa eneo lile ni wachache sana. Kanuni ikifutwa kesho, kitakachoota mbele ya kanisa ni ofisi nyingine. Tena ghorofa za makazi nazo zina kesi zake. Jengo jipya la Tate Modern lilifunguliwa mwaka 2016 likiwa na roshani ya kutazamia kwenye ghorofa ya 10, na mimi niliwahi kusimama hapo mwaka 2018: mbele yangu, karibu kiasi cha kuona vikombe mezani, zilikuwa sebule za fleti za jirani zenye kuta za vioo vitupu, na watalii wenzangu waliacha kutazama mto wakawa wanazipiga picha. Wenye fleti walishtaki, wakashindwa ngazi mbili, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Kwa hiyo anayerudi na kutaraji kuizunguka roshani ile kama zamani ajue hivyo.

Mchangiaji:
Naomba kuuliza. Nitakuwa na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua na vilima hataviweza. Je, mapengo hayo yanaonekana pasipo kupanda?

Mleta uzi:
Yanaonekana, na tena vizuri. Kwanza mpeleke mama One New Change, jengo la maduka lililo mkabala na kanisa. Kuna lifti ya vioo inayopanda hadi kwenye paa lililo wazi kwa umma bila malipo, na jengo hilo limezuiwa kimo na kanuni ile ile ya St Paul's Heights, hivyo mtajikuta mmekaa usawa wa mapaa ya kanisa, kuba likiwa mbele yenu kiasi cha kuhesabu nguzo zake. Wakati lifti inapanda, mwambie mama atazame nje, maana kuba huonekana likiinuka kati ya kuta mbili za vioo. Mnara wa Monument, ulio jirani, mwepushe nao: una ngazi 311 na hauna lifti.

Pili, tumieni mashua za abiria za mto Thames, zinazolipiwa kwa kadi kama basi. Kutoka Battersea hadi Greenwich zinapita karibu kila nilichokitaja hapa. Nakushauri uangalie jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kuondoka, kwani tofauti katikati ya jiji hufika takriban mita 7. Maji yakiwa yamepwa mtakuwa chini, mkitazama kuta za mawe zenye ukungu wa kijani, na sehemu kubwa ya majengo ya kando itajificha. Maji yakiwa yamejaa, mnaona juu ya kuta.

Mchangiaji:
Niongeze jambo kwa wanaokwenda kwa ndege. Ndege zinazotua Heathrow zikitokea mashariki hupita juu ya jiji, na aliyekaa dirisha la kulia huona mto wote pamoja na minara kwa dakika chache. Pia nimesikia mnara wa BT umeuzwa. Ni kweli?

Mleta uzi:
Ni kweli, na nashukuru kwa kukumbusha dirisha la kulia, ambalo mimi hulichagua kila ninapoweza. Mnara wa BT, uliofunguliwa mwaka 1965 ukiwa na mgahawa unaozunguka ghorofa ya 34, uliuzwa Februari 2024 kwa kampuni ya hoteli kwa pauni milioni 275. Mgahawa ule ulifungwa kwa umma mwaka 1980, kwa hiyo kuna kizazi kizima cha wakazi wa London ambacho kimeutazama mnara huo maisha yote bila kuukanyaga. Kuondoa mitambo ya mawasiliano huchukua miaka, basi msiuweke kwenye ratiba zenu za karibuni.

Kinachopaswa kuwekwa kwenye ratiba ni eneo la Undershaft. Desemba 2024 City iliidhinisha mnara wa ghorofa 74 utakaolingana kimo na The Shard, kwa sababu juu ya hapo sheria za usalama wa anga haziruhusu. Utasimama jirani kabisa na Leadenhall Building na lile kanisa dogo la St Andrew. Anayekwenda kabla ujenzi haujapanda apige picha akiwa upande wa kusini wa mto, kutoka mbele ya jumba la City Hall la zamani karibu na Tower Bridge, na achague asubuhi, jua linapotoka nyuma ya daraja na kuyapiga majengo ya City kwa mbele.